Kapteni Aliyesikia kwa Vidole

Watu wananiambia nina hasira za karibu. Ninazo, na sina mpango wa kuzihamisha. Nimekaa na cherehani miaka thelathini na minne, na mwanamke akikaa na cherehani muda huo anajua kutofautisha nguo iliyoharibika kwa bahati mbaya na nguo iliyoharibiwa na mtu. Haya ninayosimulia yaliharibiwa na watu, tena watu wenye akili timamu, waliokunywa chai yao asubuhi wakakaa mezani na kalamu nzuri.

Nazungumzia shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Mtaani wanamwita Kapteni, kwa sababu ndicho cheo alichostaafia. Jeshini walimwita Masikio. Jina hilo alipewa kwa sifa, ingawa mimi, ambaye nina ruhusa ya kumtania, nilikuwa nikimwambia kwamba hata bila sifa lingemfaa tu, maana masikio yenyewe yangetosha watu wawili. Alikuwa anacheka. Siku hizi nikimtania inabidi nimwandikie kwenye daftari, na utani ukishaandikwa unapoteza chumvi.

Baba yake alikuwa fundi saa. Walikuwa na kibanda chembamba chenye saa za ukutani zaidi ya arobaini, zote zikigonga, na yeye alikaa humo tangu hajaanza shule. Akiwa na miaka sita aliweza kumwambia baba yake ni saa ipi imesimama bila kugeuza kichwa. Wateja walidhani ni kiini macho. Alipoingia jeshini na kupelekwa chuo cha mawasiliano, mwalimu wao alikuwa na tabia ya kuwawekea makuruta mkwaruzo mkubwa kwenye hedifoni, halafu chini ya mkwaruzo ule anawatumia milio mifupi na mirefu, ile wanayoiita nukta na vistari, waandike ujumbe. Wenzake walikuwa wanatoka jasho. Yeye aliandika, akamaliza, akauliza kama kuna mwingine. Kuanzia hapo akawa Masikio.

Dada yangu alimpata akiwa koplo. Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sauti yake ilikuwa inafika mwisho wa uwanja bila kipaza sauti. Baba yetu alisema hao wawili wamekutana vizuri, mmoja wa kusema na mmoja wa kusikiliza, na ndivyo walivyoishi kwa miaka mingi.

Sasa nishani. Nyumbani kwao, sebuleni, kuna fremu yenye nishani tatu. Mbili hupewa kila askari aliyekaa muda mrefu bila kuiba. Ya tatu, ya katikati, ni ya ushupavu, na chini yake kuna cheti kinachosema kwamba “kwa usikivu wake wa pekee” aliunasa ujumbe hafifu ambao hakuna mwingine angeusikia, akaokoa maisha ya askari wengi. Wageni wakija wanasimama pale wanasoma. Mimi nilisoma kwa miaka mingi nikiamini kila neno. Nilikuja kujua mwaka huu tu kwamba siku ile hakusikia chochote.

Ilikuwa hivi. Vita vilikuwa mpakani, naye alikuwa sajenti kwenye kituo cha mawasiliano juu ya kilima, kibanda cha mabati chenye watu watatu, redio mbili na jenereta. Jenereta ilikuwa nyuma ya ukuta, hatua mbili kutoka kichwani kwake, kwa sababu waya waliopewa ulikuwa mfupi na ombi lao la waya mrefu lilikuwa bado linazunguka makao makuu. Ilinguruma kutwa kwa miezi kumi na minne. Ombi liliendelea kuzunguka. Kwa habari nilizonazo halijatua mpaka leo.

Asubuhi ya siku yenyewe bomu lilianguka karibu na kibanda. Halikuua mtu, ila liliangusha antena ya redio moja kati ya zile mbili, na lilimwachia masikioni mlio mmoja mrefu. Wenzake wawili wakatoka kuisimamisha antena. Ilipofika saa nane mchana malori kumi na moja ya majeruhi yalikuwa yanateremka kwenda darajani, na ng’ambo ya mto askari mmoja wa doria, redio yake ikiwa inaishiwa betri, alikuwa anarudia ujumbe ule ule kwamba daraja limetegwa. Shemeji yangu alikuwa peke yake ndani. Aliona mshale wa redio unatikisika kidogo, akajua kuna mtu anatuma. Akavua hedifoni, akaifungua kwa bisibisi, akaweka vidole viwili juu ya kile kibati chembamba kinachotetemeka ndani yake. Nukta na vistari vikamjia kwa vidole. Akaandika, akatuma amri, malori yakasimama yakiwa yamebakiza kona mbili.

Wenzake waliporudi walikuta hedifoni imefungwa na ujumbe umeandikwa. Hakumwambia mtu. Mtu wa mawasiliano asiyesikia anapelekwa stoo kuhesabu mablanketi, na yeye alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mtoto mchanga nyumbani, na hakuna kazi nyingine aliyoijua wala aliyoipenda. Alidhani mlio utaondoka. Haukuondoka. Badala yake ilikuja nishani, na nishani ikamfungulia njia ya kuwa afisa, akawa luteni, kisha kapteni, akasimamia vituo vya nusu ya nchi. Kila jukwaa alilopanda walisoma cheti kile cha usikivu wa pekee, naye akasimama kakamavu akitazama midomo.

Kila mwaka jeshi lilimpima masikio. Unakaa kwenye chumba kidogo, unavaa hedifoni, mpimaji anakaa nyuma ya kioo anabonyeza mashine, na wewe ukisikia mlio unabonyeza kitufe chako. Shemeji alikuwa anatazama kiwiko cha mpimaji. Kiwiko kikicheza kidogo, anabonyeza. Alikuwa na subira ya mtoto wa fundi saa na mkono mwepesi wa mtu wa redio, na hakuna aliyemgundua. Mwaka wa kwanza sikio moja lilikuwa bado linajikongoja. Kufikia mwaka wa kumi yalikuwa yamekufa yote mawili. Kwenye faili lake imeandikwa mara ishirini na mbili: kusikia, kuzuri.

Alistaafu na siri yake. Dada alijua haisikii dunia vizuri, akajifunza kumgusa bega kabla ya kusema naye, na kusimama penye mwanga ili aone mdomo. Sisi wengine tulidhani ni uzee, au ni ukimya tu wa wanaume. Kazi yake ya kustaafu ikawa kutengeneza redio za majirani. Alikuwa anazitengeneza vizuri kabisa, halafu anamuuliza mwenye redio, “Inaongea?”

Siku moja mwanzoni mwa mwaka huu dada aliteleza bafuni. Nyonga ikavunjika. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Shemeji alikuwa sebuleni na redio ya jirani imefunguliwa mezani, na kutoka kwenye kile kiti mpaka mlango wa bafu ni hatua kumi, nimezipima mwenyewe. Dada alimwita. Yule mwanamke ambaye darasa la watoto sabini lilikuwa linanyamaza akikohoa, alimwita mumewe kwa jina, kwa cheo, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, akapiga beseni sakafuni mpaka likapasuka. Majirani wa upande ule walikuwa kazini. Saa sita mchana shemeji alinyanyuka kwenda kujisaidia, ndipo akafungua mlango.

Nilimkuta hospitali, ameketi kwenye benchi la korido na suruali yenye maji magotini. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari, maana nilitaka kujua ilikuwaje. Alinitangulia. Alisema kwa sauti ile kubwa ya watu wasiojisikia, korido nzima ikageuka.

“Nilikuwa pale, shemeji. Nilikuwa pale pale.”

Halafu akanieleza yote: jenereta, bomu, vidole, kiwiko. Alisema yuko tayari kuyasema popote, ilimradi apate masikio. Mashine nzuri za masikio, zile za kupandikizwa hata kwenye sikio lililokufa, hospitali ya jeshi inazo, na askari aliyeumia kazini anapewa kama haki yake. Alichohitaji ni kamati ya madaktari wa jeshi iandike kwamba masikio yake yaliharibikia kazini. Hatukuwa na uwezo wa kuzipata kwingine, na dada angerudi nyumbani na magongo, kwenye nyumba ile ile yenye bafu lile lile.

Nikafunga duka nikawa msemaji wake. Karani wa kwanza alitutuma kwa karani wa pili, wa pili akasema fomu yetu ni ya zamani, akatupa mpya ambayo ilikuwa ni ile ile yenye nembo kubwa zaidi. Tukapigwa kalenda wiki saba. Kila mahali walimpigia saluti kwa nishani zake, wakamletea kiti, wakamwita shujaa, wakamwambia arudi Jumatatu. Nilikuwa namwandikia kwenye daftari: wanasema Jumatatu. Anasoma, anawashukuru. Mimi nilikuwa siwashukuru.

Siku ya kamati tuliingia kwenye chumba cha baridi chenye meza ndefu na chupa za maji. Madaktari walikuwa watatu, mwenyekiti wao akiwa kanali mwenye miwani ya kusomea na sauti ya upole. Waliamua kwanza apimwe. Wakampeleka kwenye chumba cha pembeni chenye kioo, mimi nikaruhusiwa kusimama mlangoni, na mpimaji, binti mmoja mwenye koti jeupe, akaanza kubonyeza.

Na shemeji yangu akaanza kujibu. Mlio, kitufe. Mlio, kitufe. Nilimwona anavyokitazama kile kiwiko, uso umetulia kabisa, kidole gumba kinafanya kazi chenyewe. Mwanamume aliyekuja kuthibitisha kwamba ni kiziwi alikuwa anafaulu mtihani wa kusikia mbele ya macho yangu. Mazoea ya miaka ishirini na miwili hayaachiki kwa asubuhi moja. Mpimaji akatoka na karatasi, akasema mzee huyu anasikia kuliko yeye. Nilimfinya shemeji mkono nikamwonyesha kiwiko changu. Akatazama chini, akaona kidole gumba chake kama vile ni cha mtu mwingine.

Yule binti alikuwa na akili, namshukuru popote alipo. Hakubishana. Alirudi kwenye mashine, akaizima kabisa, akaendelea kuchezesha kiwiko. Shemeji akabonyeza mara mbili kabla hajajizuia. Kisha binti akamgeuza atazame ukuta, akawasha mashine mpaka mwisho, mpaka mimi niliyekuwa mlangoni nikausikia mlio ukipenya kwenye hedifoni. Shemeji akabaki anatazama ukuta. Binti akaandika karatasi ya pili, akaipeleka mezani, akawaeleza madaktari kila kitu. Nikajua tumeshinda.

Mwenyekiti aliisoma ile karatasi, akafungua faili, akasoma na nakala ya cheti. Akavua miwani.

“Mama,” akaniambia, “hapa kuna mawili. Ama alikuwa anasikia, na vipimo hivi ishirini na viwili ni vya kweli, basi uziwi umempata akiwa kwake na hautuhusu. Ama alikuwa hasikii, na hapo itabidi tujiulize nishani hii alipewa kwa usikivu gani.”

Alikuwa anasema kwa upole ule ule, wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Damu ilinichemka mpaka nikaona meza inasogea. Nilimuuliza kama kuna la tatu, kwamba mtu anaweza kuharibiwa masikio na jenereta ya serikali na bado akaokoa malori kumi na moja. Akasema yeye anafuata kumbukumbu zilizoandikwa. Nikaandika maneno yake kwenye daftari, yote, pamoja na lile la nishani, nikampa shemeji. Alisoma taratibu. Kisha akasema, kwa sauti yake kubwa, kwamba alipokea kwa vidole na anaweza kuwaonyesha.

Wakatazamana. Udadisi uliwashinda, si huruma. Wakamwita sajenti mmoja, mwalimu wa chuo cha mawasiliano aliyekuwa jengo lile lile kwa shughuli zake, akaja na mashine ya kufundishia yenye spika na kibonyezo. Shemeji akawapa mgongo, akaweka vidole viwili juu ya ile karatasi nyeusi ya spika. Sajenti akachukua gazeti lililokuwa mezani, akatuma habari ya timu iliyofungwa mabao manne. Shemeji akaiandika neno kwa neno, na palipo na herufi ambayo sajenti aliikosea kwa haraka, akaiandika ikiwa imekosewa vile vile. Sajenti alipoiona ile herufi alisimama kakamavu akampigia saluti. Madaktari wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema katika utumishi wake wote hajawahi kuona kitu kama kile, akatushika mikono, akatusindikiza mpaka kwenye lifti. Tulirudi kwa dada na habari njema. Nilimwambia aanze kufikiria cha kumwambia mumewe cha kwanza.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Niliifungulia dukani kwangu. Ilisema kamati imeridhika kwamba Kapteni mstaafu anayo njia mbadala ya kupokea mawasiliano, ambayo ameidhihirisha mbele yake kwa ustadi mkubwa, na kwa hiyo upungufu wa kusikia, hata kama ungekuwepo, haukuathiri utendaji wake, wala hauhitaji kifaa. Ilimalizia kwa kumtakia afya njema.

Nilitokwa na povu peke yangu, mteja aliyekuja kuchukua gauni akaliacha akaondoka. Njia mbadala. Dada yangu akianguka tena atume nukta na vistari kwenye sakafu? Mumewe ashinde kutwa amelala kifudifudi na vidole kwenye saruji? Watu waliosoma, wenye darubini na mashine za mamilioni, walimtazama mtu akifanya kwa vidole kwa sababu hana masikio, wakaandika kwamba ana vidole. Na hilo la “hata kama ungekuwepo” ndilo lililonimaliza. Waliuona uziwi kwa macho yao, wakaupigia makofi.

Shemeji aliisoma barua mara moja, akaikunja, akaendelea na redio ya jirani. Nilimkasirikia na yeye. Nilimwandikia kwenye daftari kwamba upole wake ndio uliotufikisha hapa, kwamba angepiga kelele tangu siku ya jenereta leo dada asingekuwa anatembea na magongo. Ni maneno ambayo nikiyasoma sasa naona haya, lakini niliyaandika.

Wiki moja baadaye ikaja barua nyingine, hii ya bahasha nene. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amemsimulia mkuu wa chuo cha mawasiliano maajabu aliyoyaona. Chuo kilikuwa kinaadhimisha miaka yake, na mkuu aliomba Kapteni aje kuwaonyesha makuruta jinsi ya kupokea ujumbe kwa vidole, apewe na cheti kingine. Gari lingekuja kumchukua. Avae nishani.

Alikuja dukani na koti lake la sherehe, utepe umechakaa, akataka niushone upya. Nilikataa. Nilimwambia kwa mdomo mpana, aone vizuri, kwamba wanamfanya kinyago, kwamba watu waliomnyima masikio sasa wanataka awachezee mbele ya watoto wao. Alisubiri nimalize.

“Nishonee, shemeji. Nitakwenda.”

Nilimpigia dada simu nikitegemea ataniunga mkono. Akasema nimshonee, anajua anachofanya. Nikashona. Sindano ilinichoma mara mbili na sikuilaumu sindano.

Ukumbi ulikuwa na makuruta kama mia mbili, vichwa vimenyolewa, migongo imenyooka. Mbele kulikuwa na ubao mkubwa na meza yenye spika. Mwenyekiti wa kamati alikuwa kiti cha mbele, miguu amekunja nne, furaha tele usoni. Mkuu wa chuo alisoma cheti cha zamani, usikivu wa pekee na yote, akasema sasa tutashuhudia. Dada tulikuwa tumemleta na magongo yake, tukamkalisha pembeni ya mlango nami nikiwa kando yake. Sajenti yule yule alikuwa kwenye kibonyezo, na mkononi alikuwa na salamu ambazo mkuu aliziandaa: chuo kinakupongeza kwa utumishi wako uliotukuka. Niliziona kwa sababu sajenti alinipa karatasi nimshikie alipokuwa akiingiza mashine.

Shemeji akaweka vidole vya kushoto kwenye spika, chaki mkono wa kulia. Sajenti akaanza. Milio ilijaa ukumbini, na makuruta, ambao walikuwa wanasoma jambo hilo hilo kila siku, walikuwa wanaisoma kimyakimya, midomo inacheza. Shemeji akaandika kwa herufi kubwa, bila kusimama, kwa kasi ile ile ya milio:

MKE WANGU ALIANGUKA. ALINIITA TANGU SAA TATU MPAKA SAA SITA. NILIKUWA HATUA KUMI. SIKUSIKIA. NAOMBA MASIKIO.

Akatazama saa ya ukutani, akaandika na muda chini yake, kama wanavyofanya watu wa redio.

Mwenyekiti alishaanza kupiga makofi kabla hajasoma. Aliposoma mikono ikabaki hewani. Makuruta hawakupiga makofi hata mmoja, kwa sababu wao walijua kilichotumwa, na sheria ya kwanza wanayofundishwa pale ni kwamba unaandika kilichokuja, si unachokitaka wewe. Walikuwa wanamtazama mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuongeza herufi kwenye ujumbe wa mtu, na walielewa. Dada alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Mkuu wa chuo alikohoa. Akasema Kapteni amechoka, umri nao una mambo yake, akamwambia sajenti afute ubao ili sherehe iendelee. Sajenti alisimama, akaenda mpaka ubaoni, akachukua kifutio. Akakitazama, akakirudisha mahali pake.

“Afande,” akasema, “ujumbe haufutwi kabla haujajibiwa.”

Tulimchukua mzee wetu tukaondoka, ubao ukiwa vile vile, cheti kipya kikiwa mezani. Sajenti huyo ana shati lake kwangu la kubadilisha kola, na juzi alipita kuliulizia. Ameniambia mpaka leo hakuna aliyethubutu kuufuta, na makuruta wanaandika masomo yao kwenye nusu iliyobaki. Ni wiki ya sita sasa. Jibu halijaja.